Swali kwa Shahidi

Leodgar alikuwa na karakana ya useremala mjini Tabora, kando ya barabara iendayo Kwihara, ile inayopindapinda kwa sababu ilianza kama njia ya misafara na hakuna aliyeinyoosha. Alitengeneza vitanda vya mninga. Mbao zilitoka Usinge, na wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara wa mpunga wa Igunga. Karakana ilikuwa ndogo, kwa hiyo vitanda vilivyokamilika alivipanga nje, karibu kabisa na mtaro, ili wapita njia wavione. Mkewe, Consolatha, mama wa binti yao Eustadia, ndiye aliyepiga msasa na vanishi.

Siku moja Leodgar alirudi kutoka dukani akakuta pikipiki ya manispaa imeegeshwa mlangoni. Ndani, mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi na mwanamume, wote wawili wameinamia karatasi moja. Pembeni yao kulikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Consolatha alikuwa akifuata mstari kwa kidole. Yule mwanamume alisema jambo, naye akacheka kidogo.

Alikuwa Sixbert, ofisa wa manispaa. Leodgar alimfahamu vizuri. Sixbert na Consolatha walikulia Goweko na kuimba kwaya moja parokiani, na kabla ya ndoa watu walikuwa wamemwambia Leodgar kwamba Sixbert alipeleka posa kule ikakataliwa. Miaka yote hiyo Leodgar alijifariji kwa kuamini kwamba mkewe ndiye aliyemkataa.

"Karibu, fundi," Sixbert alisema akisimama. "Nimeleta ilani. Mama Eustadia ameielewa vizuri, atakueleza."

Alipoondoka, Consolatha alieleza. Vitanda vilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara.

"Hifadhi? Kwani hapa kuna twiga?"

"Ni ardhi ya barabara, hata kama magari hayapiti juu yake. Inaishia pale kwenye nguzo ya umeme, amenionyesha. Tukivirudisha nyuma ya nguzo, yameisha. Tusipovirudisha, muda wa ilani ukipita wanakuja kuvichukua."

"Amekuonyesha. Kwa hiyo mlitoka nje wawili."

"Ulitaka anionyeshe nguzo tukiwa ndani?"

Leodgar aliikunja ile karatasi akaisukumiza chini ya kopo la gundi. Vitanda havikusogea. Kila Consolatha alipomkumbusha, yeye alisikia maneno ya Sixbert yakitoka kinywani mwa mkewe, na nguvu za kubeba hata kitanda kimoja zikamwisha.

"Mwambie aje avihamishe yeye," alisema.

Waliokuja ni mgambo. Walipakia vitanda kwenye lori huku majirani wakitazama, na Consolatha akasimama mlangoni na brashi ya vanishi mkononi.

Walikwenda pamoja ofisini. Mwanasheria wa manispaa, mama mmoja mtulivu aliyeitwa Apolinaria, aliwaambia kwamba kosa lingeweza kufifilishwa.

"Maana yake nini?" Leodgar aliuliza.

"Unakiri kosa kwa maandishi, unalipa hapa hapa, unachukua vitanda vyako. Shauri halifiki mahakamani."

Consolatha alishusha pumzi. "Tukiri basi, Baba Eustadia."

Lakini Leodgar alikuwa na wazo jingine. "Ilani sikupewa mimi. Alipewa mke wangu."

"Sheria ndogo inasema ikikabidhiwa kwa mtu mzima anayeishi nawe, inahesabiwa imekufikia. Kama hukubali, unaweza kumweleza hakimu, na unaweza kuita mashahidi."

"Shahidi anaapa?"

"Anaapa."

"Na anajibu kila anachoulizwa?"

"Kinachohusu shauri."

Leodgar alichagua mahakama. Njiani Consolatha alimwambia wangeshindwa, kwa kuwa ilani aliisoma na kuielewa, na vitanda vilikuwa vinanyeshewa uani kwa manispaa. Ndani ya nyumba Leodgar alikuwa amejaribu mara nyingi kumwuliza kama kweli ndiye aliyemkataa Sixbert, na kila mara aliacha kwa kuogopa kwamba angedanganywa naye asijue. Mbele ya Biblia hangeweza kudanganya. Aliwaza hivyo, na ile shaka iliyokuwa ikimtafuna ikapoa kidogo.

Mahakama ya Mwanzo ilijaa siku hiyo. Sixbert alitoa ushahidi wake kwa ufupi na kurudi kukaa. Kisha Leodgar akamwita mkewe. Consolatha alishika Biblia, akaapa, akamgeukia mumewe. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili.

"Siku ya ilani," Leodgar alianza, "huyu ofisa alikaa muda gani?"

"Mpaka chai ikaisha kwenye chupa."

"Karatasi ya ukurasa mmoja?"

"Maneno yalikuwa magumu. Nilitaka kuyaelewa yote ili tusipoteze vitanda."

"Kwa nini alikuchekesha?"

Hakimu aliinua macho. "Mshtakiwa, swali hilo linahusu nini kwenye ilani?"

"Linahusu, mheshimiwa. Nataka kujua alikuja kuleta ilani au alikuja kwa jambo lingine." Hakumsubiri hakimu. "Aliwahi kukuchumbia?"

Watu kwenye mabenchi walinong'ona. Sixbert aliinamisha kichwa. Hakimu akamwambia Consolatha kwamba hakulazimika kujibu.

"Nitajibu, mheshimiwa. Ndiyo, aliwahi. Baba alikataa kwa sababu kwao walikuwa wanahangaika na tumbaku tu, naye hakuwa na kazi."

"Baba alikataa," Leodgar alisema. "Na wewe je? Hukumkataa?"

"Mimi sikuulizwa." Akamalizia kwa sauti ile ile. "Hata ulipokuja wewe, sikuulizwa."

Leodgar aligeuka kumtazama Sixbert, ambaye bado alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mahakama hii inashughulikia vitanda," hakimu alisema, si kwa ukali. "Shahidi, ilani uliipokea?"

"Niliipokea. Nikampa mume wangu siku ile ile."

Hukumu haikuchukua muda. Leodgar alipatikana na hatia, akatozwa faini kubwa kuliko ile ambayo angelipa ofisini, na akaamriwa kuondoa vitu vyake kwenye hifadhi ya barabara. Vitanda vilirudi vimevimba miguu kwa mvua.

Consolatha hakurudi naye. Alikwenda Goweko kwa dada yake Agnetha. Leodgar alikaa peke yake karakanani, akirandua mbao ambazo hakuna mtu aliyeziagiza. Zamani alimwonea wivu mwanamume aliyekataliwa. Sasa aliionea wivu miaka ya Goweko ambayo yeye hakuwepo, kwaya ambayo hakuiimba, na jibu ambalo msichana wa Goweko angelitoa kama kuna mtu angemwuliza. Hakuna hakimu aliyeweza kumsomea jibu hilo.

Mwishowe alipanda basi kumfuata. Alimkuta uani anachambua mchele. Aliwasalimu wakubwa, akakaribishwa maji, na walipoachwa wawili akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama Eustadia. Ningekuuliza wakati ule, ungesemaje?"

"Sijui, Leodgar." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu binti yao azaliwe. "Msichana yule hayupo. Niulize mimi."

Leodgar alisogea karibu na ungo wa mchele. "Unataka kukaa na mimi?"

Consolatha alitupa kijiwe pembeni kwa kuku.

"Nataka," alisema. "Lakini uache kunitazama mdomoni nikipokea simu. Na ukiwa na swali uje nalo nyumbani. Ulinivua nguo mbele ya watu."

Aliomba radhi. Alisema angejaribu.

Walirudi Tabora baada ya mavuno ya dada yake. Leodgar alisogeza ukuta wa nyuma wa karakana ili vitanda vipate nafasi ndani, na Consolatha akaanza kuulizwa na majirani wenye ilani zao, wakija na karatasi mkononi. Wengine walikuwa wanaume. Zipo siku Leodgar aliendelea na randa yake bila kugeuka. Siku nyingine aliiweka chini, akasimama mlangoni akijifanya anatafuta msumari, mpaka mgeni alipoaga.