Pini Kiunoni
Mimi ni fundi cherehani, na binti yangu anavaa nguo za dukani. Cheka tu, wenzako wameshacheka. Dada yangu, tunayeshona naye chumba kimoja, husema mganga hajigangi. Mimi humwambia afunge mdomo apige pasi.

Kushona siogopi. Naogopa pini. Tangu nijifungue, kila nguo ikiisha naiona pini imejificha ndani ya mpindo, inamngoja mtoto wa watu imwingie ubavuni mpaka moyoni. Basi napitisha sumaku. Napitisha tena. Mwisho naufumua mpindo niliotoka kuushona sasa hivi, mteja amesimama mlangoni anasonya. Nguo za wateja angalau dada huninyang'anya. Za mwanangu hakuna wa kuninyang'anya, nimezifumua mpaka zikawa matambara.

Nilianza na vitabu. Kimoja kiliniamuru nisimame mbele ya kioo niseme, "Mimi ni bahari ya utulivu." Bahari! Nikasema, jasho linanitoka. Kingine kikasema nifukuze mawazo mabaya. Jaribu wewe kufukuza kuku huku umeshika mtama mkononi.

Ndipo nikaenda zahanati kwa mshauri, kijana mpole kiasi cha kukera.

"Mama, tuseme pini imebaki kweli," akaniuliza. "Halafu?"

"Halafu nini? Mtoto atakufa!"

"Umewahi kuona?"

Nikamwambia hajui kushona, anyamaze. Akakubali kwamba hajui, kisha akanipa kazi: nishone nguo moja, niikague kwa mkono mara moja tu, bila sumaku, nisiiguse tena. Wala nisimuulize mtu kama iko salama, maana kuuliza nako ni kukagua. Hofu itapanda, alisema, niiache ipande, itachoka yenyewe.

Wiki hiyohiyo binti yangu akachaguliwa kuimba peke yake shuleni, mbele ya wazazi wote.

"Nishonee wewe, mama," akasema. "Usiponishonea, sipandi jukwaani."

Hata hakulia. Angelia, ningepata pa kujitetea.

Nikashona gauni la njano, kiuno cha marinda. Nikalipapasa mara moja. Nilipogeuka, dada alikuwa ameshaitia sumaku kifuani mwake.

"Nipe."

"Sikupi."

"Nipe, nimesema!"

"Nitaimeza, shauri yako."

Siku ya kuimba nilikaa ukumbini, dada ubavuni mwangu. Binti akapanda, akaanza vizuri. Katikati ya wimbo mkono wake ukaenda kiunoni. Akajikuna. Akakunja uso.

Pini! Nikainuka. Dada akanidaka sketi.

"Kaa."

"Humwoni?"

"Namwona. Kaa chini!"

Nikakaa, Mungu wangu, sijui nilikaaje. Miguu ilitaka kukimbia, nami nimeikalia. Binti akapapasa marinda huku anaimba, akachomoa kitu, akafumba kiganja. Sauti haikukatika. Watu wakapiga makofi, mimi nalia kwa woga wala sikusikia hata neno moja la wimbo wenyewe.

Alipotujia, alifumbua kiganja. Ilikuwa pini kweli, yangu, yenye kichwa cheupe.

"Imekuchoma?"

"Ndiyo." Akafunua marinda kidogo. Palikuwa na kidoa cha damu, hata punje ya mchele ni kubwa.

"Pole mwanangu. Pole, nisamehe, mimi nilijua tu, nilijua…"

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaigeuzageuza pini, anaichunguza.

"Mama, ndiyo hii uliyokuwa unaiogopa siku zote?"

Niliinama nikaitazama.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

Akaichomeka kwenye ukosi wa blauzi yangu, taratibu, isije ikanichoma, akauliza gauni lingine nitaanza lini.