Spika Nne za Suhaib

Mardhiya alikuwa jikoni akitia tui kwenye wali aliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Ilitoka sebuleni, alikolazwa mkwewe, Bi Zuwena, aliyepooza upande mmoja.

Walikaa ughaibuni, ghorofa ya tisa katika mtaa wa Barking, na lifti ilikuwa mbovu tangu Jumatatu.

Alikimbia. Kisomo cha Kurani alichokuwa akisikiliza Bi Zuwena kwenye spika kilikuwa kimekatika. Amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ndani ya kabati alilolichonga mumewe Suhaib, ilifuka moshi mwembamba. Wiki iliyopita Suhaib alileta spika mbili kubwa, akaziunganisha pamoja na mbili za zamani. Mardhiya alipouliza kama kimashine kile kitaziweza zote, aliambiwa, "Mambo haya niachie mimi."

Akachomoa waya ukutani. Akagusa bati la amplifaya, vidole vikaungua. Pazia lilikuwa shubiri moja tu kutoka kabatini.

"Kuna nini, mwanangu?" Bi Zuwena aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama." Kichwani alikuwa akipima: ngazi za ghorofa tisa, mwili wa mkwewe, mikono yake mwenyewe. Asingeweza kumbeba. Alifungua madirisha, akakaa sakafuni amekumbatia ndoo ya maji, macho kwenye kabati, mpaka moshi ukaisha. Hata hapo hakuinuka.

Kesho yake asubuhi Suhaib alimleta Jaspal, fundi mzaliwa wa Kisumu mwenye duka Southall. Jaspal alifungua mfuniko, akasoma maandishi nyuma ya kila spika.

"Hii ni ya spika mbili, tena zisizovuta umeme mwingi. Wewe umeibebesha nne, zote nzito. Inalazimishwa kutoa kuliko uwezo wake, inapata moto. Halafu umeifungia kabatini."

"Ingewaka?"

Jaspal alimwonyesha ubao wa kabati, uliobabuka mweusi kwa ndani. "Nani aliizima?"

Suhaib alimtazama mamake kitandani, kisha vidole vya mkewe vilivyofungwa kitambaa.

"Nisamehe, Mardhiya," alisema, mbele ya fundi.

Jaspal aliunganisha amplifaya nyingine, kubwa zaidi, kwa spika mbili zinazolingana nayo, akaiweka mezani, peupe. Kisomo kikarudi, safi. Bi Zuwena akafumba macho kwa raha.

Fundi alipoondoka, Mardhiya aliweka kiganja juu ya bati. Baridi. Baada ya dakika tano akaweka tena. Vuguvugu, kama fundi alivyosema itakuwa. Hata hivyo akainama, akachomoa waya.

"Mbona umezima, mwanangu?"

"Kesho, Mama. Nitakuwashia kesho."