Amplifaya Imewashwa
…na si mimi niliyeiwasha, mkono mmoja una tasbihi, mwingine nauinua nao mguu wangu uliokufa ganzi, simu iko mfukoni mwa kanzu, imetetemeka mara moja, na papo hapo ukuta nilioegemea ukatoa dum, dum ya spika zangu mbili za sebuleni, ndani ya nyumba niliyoifunga mwenyewe asubuhi na ufunguo ninao kiunoni, maana wanawake wote wako nyumba ya pili kwa mjane na wanaume wote tuko hapa kwenye baraza yangu chini ya turubai, siku ya tatu ya msiba, hitma imeshasomwa, dua imeshaombwa, tunasubiri ubwabwa, na watu arobaini wamenigeukia mimi, wamgeukie nani mwingine, Dunda nzima mwenye amplifaya ya kuwashwa kwa simu ni mmoja, naye amekaa mkekani anatazama kandambili zake kama zimeandikwa kitu… “Nini hicho?” ananiuliza Mzee Mwinshehe, ndugu yake mama yangu, sikio lake la kulia ndilo zima na mimi niko kulia kwake, bahati mbaya, “Tairi, mjomba, tairi la bodaboda,” nasema, uongo wa kitoto kabisa, mtu mzima nina miaka hamsini na nne, naichomoa simu nusu, naisoma chini ya mkunjo wa kanzu, Amplifaya imewashwa, Ishaka… Ishaka! tuliyemzika Jumanne, binamu yangu, mtoto wa mjomba huyu huyu, jirani yangu wa ukuta mmoja, basi nikawaza mizimu, nikajikaripia, miaka ishirini na sita nimekuwa fundi umeme wa meli, nimeona taa zikiwaka zenyewe Karachi na honi ikilia yenyewe Durban, na kila mara, ukifuata waya, mwisho wa waya unakuta kidole cha mtu, kwa hiyo hapa pia pana kidole, simu ya marehemu iko mikononi mwa mtu… nabonyeza, zima, ukuta ukatulia.

Ningejua ningeinama tu kama watu wengine, lakini amplifaya yenyewe niliibeba kutoka Hamburg, kilo ishirini na nane, swichi wameiweka mgongoni kwake, nyuma ya kabati, siku ya kwanza niliinama kuiwasha nikabaki nimeinama hadi Magharibi, na nikishaiwasha nasahau, nafika Mbegani, nimeingiza kichwa kwenye injini ya boti ya watu, ndiyo nakumbuka kuwa nyumbani chuma kile kinachemka bure, hivyo nikaifungia soketi inayotii simu, nikatamba nayo mtaa mzima, naiwasha nikiwa Msata, naizima nikiwa Msata, watu wakasema huyu bahari imemrudisha nusu… halafu mwaka jana miguu ikamgomea Ishaka, kitanda chake wakakisogeza ukutani, akaniambia, “Mtani, habari ya saa saba unasikiliza peke yako, mimi nasikiliza mchwa?” basi nikamwingiza, simu yangu na simu yake, wawili tu, na tangu siku hiyo raha ikaniisha, naizima yeye anawasha, naweka taarabu yeye anaikata mwimbaji akiwa ndiyo kwanza amefumbua kinywa, simu inatetemeka juu ya injini, Ishaka, Ishaka, Ishaka, nami nafuta grisi, naizima, najua ameamka, ameshakunywa chai, anatafuta wa kugombana naye, sijawahi kumpigia kumuuliza hali, ya nini, hali yake nilikuwa naiona… Jumapili iliyopita haikutetemeka, nikasema bando limeisha.

Na leo nilikuwa nimeshaamua, ubwabwa ukishaliwa naingia kwenye simu namwondoa, asubuhi kidole kilikuwa hapo hapo, Ondoa, nikasema mpaka watu waondoke, kazi safi, kama unavyomkabidhi zamu mwenzako unaweka sahihi unakwenda kulala… dum. Tena! Amplifaya imewashwa, Ishaka. “Mjomba,” anasema Mzee Mwinshehe, “hiyo bodaboda ina matairi mangapi?” na vijana wa safu ya nyuma wanabana pua, nabonyeza, zima, na dirishani kwa wanawake nasikia minong'ono, “Bado?” “Bado, kakaa vile vile,” “Bonyeza tena, mke mwenza,” na sauti hii ya mwisho ni ya Bi Somoe, shangazi yake Ishaka, mke mwenza wa utani tu, sasa anapaza makusudi, “Jamani, sisi tuliambiwa marehemu ana mtani, huyu tuliyeletewa mtani au gunia la saruji?” wakacheka, na katikati ya kicheko nikaisikia sauti moja ninayoijua, nyembamba, ya puani, Mwanamvua, mjane mwenyewe, yuko edani siku ya tatu, simu ya mumewe kaishika yeye.

Sasa aibu ikaja, si ile ya dum, nyingine… kwa sababu mimi ndiye mtani, mtoto wa shangazi, katika msiba huu jeneza lina wa kulibeba na kaburi lina wa kulichimba, jukumu langu mimi lilikuwa moja, kuwachekesha wafiwa, na Jumanne ile ile walinitumia kofia ya Ishaka niivae nitembee mwendo wake, ule wa kuvuta goti, nikaikunja nikaitia mfukoni nikakimbilia ndoo za maji, jana nikakimbilia kuni, leo sina pa kukimbilia nimekaa… alipofariki mama yangu mimi nilikuwa siku mbili sijala, silii wala sisemi, Ishaka akaja kajifunga kanga ya mama, akakaa mlangoni pa chumba chake, akaanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti ya mama hasa, “Viatu! Viatu! Kwenu mnaingia na viatu?” nikacheka hadi nikalia, nikalia hadi nikaomba chakula, hakuniuliza kama niko tayari, na mimi nimezunguka bandari arobaini nikichekesha watu nisiojua lugha zao, nyumba ya pili tu nimeshindwa, najiambia naweka heshima, heshima gani, nimegoma kazi, naogopa, nikivuta goti lile wakicheka, watacheka kwa kuwa mwenye goti hayupo… basi hayupo. Kidole ni cha Mwanamvua. Ana miezi minne na siku kumi za kukaa mle ndani na ukuta ule, na imebidi mfiwa ajitanie mwenyewe kwa kuwa aliyepewa kazi ananuna.

Dum. Ya tatu. Kidole changu kiko juu ya Zima, nakiondoa, iache iwake, ichemke, umeme ninalipa mimi, na lile la kumwondoa tutaliona huko mbele, na ulimi, ambao tangu Jumanne ulikuwa kama wa kuazima, nausikia ukisogea wenyewe… “Tairi gani hilo, we mtoto?” kasema Mzee Mwinshehe, aliyekuwa anamimina maji ya kunawa amesita na birika, nami nasema kwa sauti ya kufika dirishani, “Mjomba, nilikudanganya, si tairi, ni mwanao Ishaka, miaka hamsini na sita hapa duniani hakuwahi kununua bando kwa fedha yake, tumemzika Jumanne, leo Alhamisi tayari ana intaneti!” na kabla hajacheka mtu yeyote chini ya turubai, ndani kule nikamsikia mwanamke mmoja akicheka kwa puani, akapaliwa, akacheka tena, na ubwabwa bado haujaja.