Gurudumu Liko Upande Gani?

Nilikuwa nimependa, usinicheke. Wenzangu hupenda watu. Mimi siku ile nilipenda cherehani ya umeme. Nyeupe pe, inashona, inadarizi, inakata uzi yenyewe, na ilikuwa ndani ya simu yangu kwa nusu ya bei. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakibusu kioo mara mbili.

Yangu ya kukanyaga imechoka. Inapiga kelele hadi jirani ananiuliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Kwa mwaka mmoja na nusu nilijinyima nikaweka akiba, na sasa akiba yote ilikuwa inangoja kidole changu tu.

"Wahi dada, zimebaki mbili," muuzaji aliandika. Kabla sijavuta pumzi: "Imebaki moja."

"Wifi!" nikaita. "Njoo uone mwenzako anavyoula!"

Wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, si ile ya mtandao, ndiye anayepiga pasi na kuweka vifungo humu chumbani mwetu mwa kushonea. Ile ya mtandao hukatika. Huyu hakatiki. Akaja na shati mkononi.

"Duka lake liko wapi?"

"Mtandaoni."

"Na mbona anataka umtumie hela kwenye namba yake binafsi? Mwambie alete kwanza, uione, uijaribu, ndipo ulipe."

Nikamwandikia hivyo, kwa shingo upande. Jibu likaja mbio: "Dada, huniamini? Mimi ni mtu wa Mungu."

"Umeona?" nikasema. "Mtu wa Mungu."

"Basi mwambie Mungu ndiye akuletee mzigo."

Hapo nikapandisha hasira. Nikamwambia ana wivu, arudi kwenye pasi yake. Nikaweka namba ya muuzaji, nikaweka kiasi, simu ikadai namba ya siri. Nikaandika tarakimu tatu, ikabaki moja.

Nikataka kuitazama mara ya mwisho ikiwa bado ya watu. Nikarudi kwenye picha, nikaisimamisha simu mezani, nikakaa vizuri, nikafumba macho. Nikanyoosha mkono wa kulia kuzungusha gurudumu, kama fundi yeyote anavyofanya kabla ya kuanza kushona.

Nilipofumbua, mkono wangu ulikuwa kwenye sindano ya pichani. Gurudumu lilikuwa kushoto.

Nimeshona miaka kumi na tisa. Sijawahi kuona cherehani ya namna hiyo, wala wifi hajaiona. Akainama, akakodoa macho.

"Picha imegeuzwa," akasema. "Kaiiba kwa mtu, kaigeuza ili isijulikane. Na hapa penye jina la kampuni, ambapo herufi zingesomeka kinyumenyume, kabandika neno OFA."

Nikamwandikia muuzaji: "Kaka, gurudumu liko upande gani?"

Tukasubiri, vichwa vimegusana.

"Upande wowote unaoupenda wewe dada. Lipia tukuwekee."

Wifi akaanguka juu ya lundo la sare za shule nilizokwisha kushona, miguu juu. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu, machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka yenyewe, kwa sababu ilikuwa imebaki tarakimu moja. Moja! Nilijionea aibu, na nilikuwa na furaha isiyo na adabu hata kidogo.

"Nimekuita mwenye wivu," nikasema.

"Umeniita. Na sare hizi nimezikunjakunja kwa kuzilalia, utazipiga pasi wewe."

Simu ikalia tena. "Dada, bado upo? Unatumia mkono gani nikutafutie?"

"Huu huu," nikamjibu kwa sauti, nikamfungia asinifikie tena. Kisha nikamkumbatia wifi na pini zake zote kifuani. Zikanichoma, nikazidi kukaza.