Karatasi Iliyokatwa Pembe

Fundi saa alipoingia darasani siku ya kwanza, wanafunzi walisimama wakamwamkia, wakidhani ndiye mwalimu. Aliwaitikia marahaba, kisha akaenda kuketi nao dawati la nyuma, vijana wakabaki wameduwaa. Mvi kichwa kizima, kaja kusomea vito! Wacha wacheke. Mtu aliyefiwa na mke hana nafasi ya kuona haya.

Duka lilikuwa la mkewe. Yeye alikuwa na meza yake tu pale pembeni, lenzi jichoni, akifufua saa za watu, huku mke akipima vito na kuuza pete. Cheti cha mke bado kilining'inia ukutani, lakini cheti cha marehemu hakifungui duka. Wakubwa wa leseni walisema wazi kwamba asipopatikana mwenye cheti kabla mwaka haujaisha, milango ifungwe. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na alikuja kushika duka kwa muda tu. Basi fundi akapiga moyo konde. Kiti cha mke wake hakitakaliwa na mgeni, alisema, na hapo hakutaka ushauri wa mtu.

Na kusema kweli, alianza vizuri. Macho yaliyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi yaliona nyufa ndani ya jiwe kabla wenzake hawajamaliza kufuta lenzi zao. Wale wale waliomcheka wakaanza kumwita Babu Lenzi na kugombea kukaa karibu naye. Kichwa kikamvimba kidogo, tumsamehe. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kutundika cheti chake, ubavuni mwa kile cha mke.

Ikafika siku ya somo la rangi. Mwalimu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aligawa vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na kito ndani.

"Vyekundu huku, vya kijani huku," alisema.

Fundi alivigeuzageuza vyake, akainua mkono. "Mwalimu, mbona hizi karatasi hazijakatwa pembe?"

"Pembe gani, mzee wangu?"

"Si za vyekundu hukatwa pembe moja? Ndiyo desturi ya masonara. Marehemu mke wangu alinifundisha."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Nimekulia katika kazi hii na hiyo desturi sijapata kuisikia," alisema. "We tenga tu."

Akatenga. Mwalimu alikuja akatazama, akaenda kwa wengine. Kipindi kilipokwisha alimbakiza, akamfungulia kitabu kilichojaa nukta za rangi.

"Hii ni namba gani?"

"Namba iko wapi?"

Akafungua ukurasa mwingine. Fundi akatoa lenzi yake, akainama mpaka pua ikagusa karatasi. Mwalimu alikifunga kitabu taratibu.

"Mzee wangu, kwako nyekundu na kijani ni kitu kimoja. Umezaliwa hivyo, si kosa lako. Lakini cheti cha vito siwezi kukupa. Nisamehe."

Kwani hakuwahi kujua? Angejulia wapi! Saa zake ni nyeusi, nyeupe na dhahabu. Mashati yake mke alimtandikia kitandani kila asubuhi, naye akadhani ni mapenzi tu. Mteja akitaka kito chekundu, mke alimwambia, "Baba, nipe hiyo yenye pembe iliyokatwa," naye akatoa, akajiona sonara kamili. Desturi nzima ya masonara ilikuwa ya mtu mmoja, mke wake, na aliitunga kwa ajili ya mumewe.

Mkono ukamwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Humo ilikuwamo pete ya mke. Mke aliivua mwenyewe hospitalini siku zake za mwisho, akaikunja kwenye karatasi, akampa mumewe. Ujanani, kabla hawajaoana, msichana yule alisema anapenda nyekundu kuliko rangi zote, na fundi akaenda kuchagua mwenyewe kwenye sinia la muuzaji mwenye haraka. Alipomvika, msichana alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kila sherehe fundi aliisimulia hadithi hiyo, "Nyekundu, kama alivyoitaka!", na wageni wakiangalia pete, wakimwangalia mke, na mke akiwakazia macho mpaka wanywee. Fundi alidhani wameguswa.

"Na hii?" aliuliza.

Mwalimu aliishika kwenye mwanga. "Zumaridi. Kijani kilichokolea, nzuri kweli."

Mwalimu akamsogezea kiti, naye akalia pale mbele ya vifaa vya watu, bila kujificha uso.

Mchana huo alirudi dukani. Binti alikuwa anafuta vioo vya kabati.

"Nimeshindwa, mama," alimwambia binti yake. "Macho yangu hayajui nyekundu."

Binti aliendelea kufuta mahali palipokwisha kung'aa.

"Ulijua?"

"Tangu niko shule ya msingi. Mama alisema baba yako ana macho ya saa, nikikucheka nitamtambua." Akaweka kitambaa chini. "Nisamehe, baba. Ulipokwenda kujiandikisha nilitaka kusema. Ulikuwa na furaha. Tangu msiba sikuwa nimekuona na furaha."

Fundi hakuwa na hasira ya kumpa mtu. Alitoa kile kikaratasi, akakiweka juu ya kioo kati yao, akakikunjua. Binti alikitazama. Pembe moja ilikuwa imekatwa kombokombo, na mkono wa mgonjwa ambao hata kijiko ulikuwa haukiwezi tena.

"Na hii, mwanangu? Niambie wewe. Ni rangi gani?"

Binti aliangalia pete, akaangalia ile pembe. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kioo alichotoka kukisafisha.

"Nyekundu, baba."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Aliikunja karatasi kama ilivyokuwa, akairudisha mfukoni.

"Ndiyo," alisema. "Alitaka nyekundu."

Kisha akapanda kwenye kiti cha mke wake, akaanza kukishusha cheti chake ukutani.