Gadiyani Aitwaye Lucie

Fortunée hakuwa mwongo. Alishona sare za kwaya kwa vipimo vya haki pale sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na ukimwachia kitenge alikurudishia hadi kipande cha kufungia kilemba. Lakini siku nesi wa Lilongwe alipomuuliza nani atamtunza wodini, alimtaja marehemu, tena bila kupepesa macho.

Tusimhukumu haraka. Hospitali za Malawi zina desturi yao: mgonjwa halazwi peke yake. Lazima aje na gadiyani, yaani ndugu wa kulala kwenye banda la uani, kumpikia nsima, ugali wa huko, kumfulia mashuka na kukimbia anapoitwa na nesi. Ni desturi nzuri kwa mwenye ugonjwa wa kusemeka. Ugonjwa wa Fortunée haukusemeka.

Tangu siku ile wenye bunduki walipomkuta njiani, akitoka shambani nje ya Bukavu, mkojo wake haukumtii tena. Ulishuka wenyewe, mchana na usiku, akiwa amekaa au amesimama, kwa miaka kumi na mitatu. Alijishonea vitambaa vya flaneli, akavifua kabla majirani hawajaamka, akavianika ndani chini ya kitenge. Kiti chake cha cherehani alikifunika kwa nailoni. Joto la Oktoba likija hakunywa maji mpaka midomo ikapasuka, akidhani asiyekunywa havuji, na hapo ndipo harufu ilipozidi ukali. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mchungaji Balagizi alimsifu mbele ya watu kwa unyenyekevu wake, kwamba wa mwisho watakuwa wa kwanza. Fortunée akainamisha kichwa, akabana mapaja, akasema amina.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, lakini wahenga hawakuuliza uchi huo ulivuliwa na nani.

Aliyegundua ni Arlène, mama wa kujitolea wa afya pale kambini. Alikuja kupunguziwa sketi, akaona ile nailoni. Hakuziba pua. Alingoja wateja waondoke, kisha akasogeza kiti.

"Dada Fortunée, hii si laana," alisema. "Ni tundu, katikati ya kibofu na njia ya uzazi. Kule Lilongwe banashonaka hiyo. Na we uko fundi, unajua, kenye kimepasuka kinashonwaka."

"Bataniuliza ilitokea wapi."

"Batauliza. Lakini mbele ya yote batauliza gadiyani yako ni nani. Enda na Douce."

Fortunée alitazama nyuma ya Arlène, mlangoni, ambako Lucie alikuwa amesimama.

Lucie alikuwa mdogo wake, na alikuwa amekufa. Siku ile njiani walikuwa wawili. Mmoja alinyanyuka, mwingine alibebwa. Tangu hapo Fortunée amevuka mipaka na Lucie amevuka naye. Husimama mlangoni, kitenge kimelowa upande mmoja, mguu mmoja una kandambili ya buluu na mwingine uko peku. Hasemi. Haingii. Wafu wana adabu kuliko majirani, hawavuki kizingiti bila kukaribishwa, na Fortunée hakuwahi kumkaribisha. Hakuwahi kumlilia pia. Utamliliaje mtu unayemwona kila siku?

Douce ni binti wa Lucie. Siku ile alikuwa na miaka minne, ameachwa kwa jirani. Fortunée alimlea kama wake, na alipouliza mama yake alikufa kwa nini, aliambiwa ni malaria, kitandani, usingizini, watu wakimwombea. Ulikuwa uongo mdogo wa kumlaza mtoto. Mtoto sasa ana miaka kumi na saba na uongo umekua naye. Ndiyo maana Fortunée hakutaka kwenda naye Lilongwe. Douce angeuliza ugonjwa umetoka wapi, na huwezi kusimulia nusu ya siku moja. Kumwambia habari ya mkojo ni kumwambia Lucie alivyokufa. Kwa hiyo alimuaga kwamba anakwenda kupimwa presha.

Basi nesi akamuuliza, kwa Kichewa cha polepole ili mgeni asipotee, gadiyani wake ni nani.

"Lucie," Fortunée alijibu. "Mdogo wangu. Yuko nje."

Na kwa macho yake mwenyewe hakuwa amedanganya. Lucie alikuwa mlangoni mwa wodi, mguu mmoja peku, wafagizi wakipita na ndoo karibu kumgonga.

Alipimwa. Daktari, mwanamke wa makamo, aliomba ruhusa kabla ya kumgusa, kila mara, na jambo hilo lilimtoa Fortunée machozi kwa sababu hakukumbuka mtu kumwomba. Akaambiwa tundu linashoneka. Kesho asubuhi. Na anywe maji, mengi.

Jioni, saa ya magadiyani kuleta chakula, wodi ilijaa harufu ya nsima na majani ya maboga. Kila kitanda kilipata mtu wake. Nesi alipita, akaona kitanda cha Fortunée hakina sahani, akatoka barazani na kuita kuelekea bandani.

"Lucie! Lucie wa Fortunée!"

Fortunée alishika shuka kwa mikono miwili. Jina hilo halikuwa limeitwa kwa sauti tangu siku ile, alipoliita yeye mwenyewe mpaka koo likakauka. Nesi akaita tena. Wanawake wa bandani wakalipokea, wakapokezana kama kawaida yao mtu anapotafutwa, Lucie, Lucie, jina likaenda hadi kwenye karo za kufulia na kurudi. Fortunée aliogopa vitu viwili. Aliogopa kwamba hakuna atakayeitika, na aliogopa kwamba ataitika. Pale mlangoni Lucie aligeuza kichwa kuelekea uani, kama mtu aliyesikia akiitwa baada ya kungoja mno.

"Mama, usinitanie," nesi alisema aliporudi. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Ukishashonwa utalala na mpira wa mkojo wiki mbili. Nani atakumwagia? Nani atakufulia? Kuna mwanamke wa Mponela yuko nje anangoja kitanda. Asubuhi ukiwa huna mtu, nampa yeye."

Jirani wa kitanda cha pili alimwazima simu. Fortunée aliishika mpaka mwanga wake ukazima, akauwasha, ukazima tena. Angeweza kurudi Dzaleka, kwenye nailoni yake na benchi lake la mwisho, na hakuna ambaye angejua. Maisha hayo aliyaweza. Kilichomshinda ni ile shingo ya Lucie ilivyogeuka. Akapiga.

"Douce, mama," alisema. "Kuya Lilongwe. Si presha."

Douce alifika asubuhi kabla ya daktari, nywele zimesukwa nusu, vumbi la kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, limempanda hadi magotini. Alikuwa ametoka kambini bila karatasi ya ruhusa, na kama polisi wa kizuizi cha barabarani wangemuuliza, hadithi hii ingeishia hapo. Alisalimia kitanda kwa kitanda kama alivyofunzwa, akaona shuka lililolowa, akapindua ndoo, akaketi.

"Mama mukubwa, hii ugonjwa ilitoka wapi?"

Na Fortunée akasema. Alisema akitazama dirisha, kwa sababu uso wa yule binti ulikuwa uso wa Lucie na asingeweza kuutazama. Alisema njia ya shamba, na wale wanaume. Alisema kwamba Lucie alikuwa na mimba changa, na kwamba damu haikukatika.

"Tulimubeba, mi na bamama bengine, mpaka ku centre de santé, kwenye banatibiaka batu. Tulikuta balishaiba yote, hata mulango. Hakuna dawa, hakuna infirmière. Alifia pale inje, mu mikono yangu. Haikukuwa malaria, mama. Nilikudanganya."

Alingoja kilio, au lawama. Vyote viwili alivistahili, alivyoona yeye. Douce alikwangua vumbi la goti kwa ukucha.

"Na sandale yake ya pili," akauliza hatimaye, "ilibakia wapi?"

Fortunée aligeuka kutoka dirishani. Habari ya kandambili hakuwa ameitaja. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote.

"Ile ya bleu," Douce alisema. "Namuonaka ku mulango tangu niko mutoto. Muguu moja iko na sandale, ingine hapana. Nilijua njo mama. Lakini we ulisema alikufia mu kitanda, na mutu wa kitanda havalaka sandale moja. Nikafikiri ni kichwa yangu njo inaharibika. Nikanyamaza."

Walitazamana. Miaka yote hiyo, katika nyumba moja ya udongo, kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake mtu yuleyule aliyesimama mlangoni.

"Ilibakia mu matope," Fortunée alisema. "Niliitafuta. Sikuiona."

Nesi aliingia akisukuma kitanda cha magurudumu. Alimtazama msichana juu ya ndoo.

"Huyu ndiye Lucie?"

Douce alisimama. Kichewa chake cha shule kilitoka safi, bila kutetemeka. "Mimi ni Douce. Lucie ni mama yangu. Alikufa. Alitokwa damu na hakupata wa kumtibu. Gadiyani ni mimi."

Hakuna aliyewahi kusema hivyo kwa sauti mbele ya watu, kwamba Lucie alikufa na alivyokufa. Fortunée akageuka kutazama mlangoni, kwa mazoea tu. Lucie hakuwepo. Palikuwa na mlango, na nje yake yule mwanamke wa Mponela ameketi juu ya mzigo wake, anangoja.

Ndipo Fortunée akalia. Alilia kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani, na wagonjwa wenzake wakampa pole, wakamwambia asiogope kisu, atalazwa usingizi na hatasikia kitu. Douce hakumbembeleza. Alipanda kitandani juu ya shuka lililolowa, akamkumbatia, nao wakamlilia Lucie pamoja mpaka nesi aliposema daktari yuko tayari.