Filamu ya Macho

Bi Maimuna alimimina chai mezani, pembeni kabisa ya kikombe, kisha akamlaumu aliyekisogeza. Hakuna aliyekisogeza. Bintiye, Sitara, alipangusa meza.

Kesho asubuhi hospitali ilimngoja mama huyo atolewe mtoto wa jicho. Mara mbili alishapangiwa siku, na mara zote mbili akapatwa na homa ya ghafla. Sitara alimweleza waziwazi kwamba asipofanyiwa upasuaji atapofuka. Maneno hayo yaligonga mwamba.

Ndiyo maana mchana ule Sitara alifunga duka lake la sare za shule pale Kariakoo, akaenda maktaba kuazima filamu ya elimu. Hyasinta, mkutubi, alimpeleka kwenye rafu yenye filamu za nyuki, za volkano na za ujenzi wa madaraja.

"Ya macho ni hii, dada. Inaonyesha upasuaji wote, hawafichi kitu. Maneno ya Kiswahili yameandikwa chini."

"Ndiyo ninayoitaka. Mama yangu anahitaji ukweli."

Sasa diski ilikuwa imeshaingia kwenye deki, ndipo akili ikamrudia. Mama ataionaje?

"Umeniletea sinema mimi?" Bi Maimuna alicheka hadi akakohoa. "Una visa wewe. Haya, nisimulie."

Sitara akasimulia. Kuna bibi amelala kitandani, amevaa kofia ya kijani. Hapana, hajafungwa kamba, anaongea na muuguzi. Chini ya ghorofa yao ya Mchafukoge kipaza sauti cha mchuuzi kilikuwa kikinadi sufuria, ikabidi naye apaze sauti.

"Wanamtia ganzi, matone tu. Daktari anachukua kisu, kidogo kama..."

"Kama nini?" Mama alisubiri. "Sitara."

"Abee."

"Umefumba macho."

Kweli alikuwa ameyafumba, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa kochi. Miezi yote hiyo alimwita mama yake mwoga, kumbe woga wake mwenyewe alikuwa ameuvika amri na makaripio, ukapita mbele ya watu bila kutambulika.

"Naogopa, mama. Nikifikiria ni wewe pale, siwezi kuangalia."

Bi Maimuna aliutafuta mkono wa bintiye kwa kupapasa, akaupigapiga taratibu.

"Ungesema tangu mwanzo, mwanangu. Nilidhani humu ndani naogopa peke yangu."

Filamu ikaendelea bila msimulizi. Baada ya kitambo, kicheko cha kizee kikasikika kwenye televisheni.

"Anacheka nini huyo?"

Sitara alifumbua jicho moja, halafu la pili. "Wamemtoa bandeji. Anamtazama mjukuu wake."

"Anamwambiaje?"

"Eti amekonda."

Bi Maimuna akaguna, akainuka, akafuata ukuta kwa kiganja hadi chumbani. Mlango wa kabati ukalia.

"Njoo unichagulie gauni la kesho," alisema kutoka huko. "Lenye vifungo mbele. Sitaki linalopitia kichwani."